Gauni la Mama Aliyejisifu

Severina hakukubali kukata kitambaa cha mtu ambaye hajamsikia akizungumza. Tepu, alisema, humwambia fundi kiuno na kifua tu. Haimwambii kama mtu akicheka hutupa mabega nyuma, wala kama akiketi hukunja mguu mmoja chini yake. Kwa hiyo kila mteja aliyeingia duka la Adib, nyuma ya kituo cha mabasi cha Satwa, kati ya gereji ya viti vya magari na saluni ya Wafilipino, alikalishwa kwanza kwenye kiti cha plastiki na kuulizwa: nguo hii unaendea wapi? Utasimama au utakaa? Nani hasa unataka akuone? Adib, Msiria wa Halab mwenye duka, alinung'unika kwamba fundi wake anahoji watu kama askari wa uwanja wa ndege. Lakini wateja walirudi, wakaleta na ndugu zao, naye akaamua kunung'unikia mambo mengine.

Alikuwa na desturi ya pili, ambayo wateja hawakuiona. Ndani ya kila mshono aliacha kitambaa cha ziada, na kila pindo alilikunja kwa upana kuliko mafundi wengine. Akiba, ndivyo alivyoiita. Hakufunzwa na mtu. Ilianza alipofika Dubai na kumwacha mwanawe Ronnie kwa nyanya yake huko Kitui, mtoto wa darasa la kwanza. Kila mwaka alimshonea suruali bila kumwona, kwa kukisia kutoka kwenye picha za simu: mlango wa jikoni uko pale, kichwa kimefika kwenye komeo, basi miguu itakuwa hivi. Akakunja pindo refu, ili nyanya alifumue kidogo kidogo kadiri mtoto anavyorefuka. Wako akina mama wanaolea watoto wao mgongoni. Severina alimlea wake kwa pindo.

Mchana mmoja wa Januari, jua likiwa limelegea kidogo na mlango wa duka umeachwa wazi, aliingia mwanamke mnene wa abaya nyeusi, akifuatwa na mwanamume mwembamba wa miwani aliyekumbatia mafurushi mawili ya kitambaa cheupe.

"Hodi wenyewe! Yuko wapi huyo fundi wa kike anayejua Kiswahili? Nimechoka kuinua kwapa mbele ya wanaume na kusema nao kwa ishara."

"Ni mimi. Karibu, mama. Keti."

"Mama yako nani? Dada yako huyu. Mimi naitwa Asila. Na huyu mdogo wangu, Thuwein, ni mwalimu wa fasihi. Mzoee tu, hajui kunyamaza."

Walikuwa Wazanzibari wa Dubai. Bibi yao alikuja zamani na masanduku yake, wao wakazaliwa hapa, na Kiunguja walikilinda nyumbani kwao Al Warqa kama watu wanavyolinda vyombo vya wageni. Kila msimu wa baridi, Thuwein na walimu wenzake na majirani kadhaa walicheza mchezo wa kuigiza katika ukumbi mdogo wa Silicon Oasis. Mwaka huu walihitaji nguo za miungu.

"Za miungu?" Severina aliuliza, tepu ikining'inia shingoni.

"Ya Warumi," Asila alisema. "Imekwisha kufa zamani, usiogope. Hapana atakayekuja kudai."

Thuwein alieleza. Palikuwa na mshairi mmoja wa Rumi, miaka elfu mbili iliyopita, aliyetunga habari za dunia tangu ilipoanza, na za watu waliogeuzwa miti, ndege na mawe. Yeye alichukua vipande vya tungo zile akavifanya mchezo. "Lakini mshairi mwenyewe hakuwa na adabu hata chembe kwa miungu ya watu wake. Ndiyo maana nataka nguo zao ziwabane. Fupi. Mkubwa wao akiinama, aone haya."

"Mkubwa wao mwenyewe?"

"Yeye hasa. Ana mke mkali, na bado anakimbiza wasichana wa watu. Akikaribia kukamatwa anajigeuza. Leo fahali, kesho ndege."

"Ai! Kama yule meneja wa hoteli anakofanya kazi rafiki yangu Lois," Severina alisema kabla hajajizuia, na Asila akacheka mpaka kiti cha plastiki kikalalamika.

Severina alipenda kuwasikiliza. Ilikuwa muda mrefu hajapenda kusikiliza kitu. Akachukua chaki, akaanza kupiga mistari kwenye kitambaa cheupe, na katika kupiga mistari akauliza: "Na dunia, kwao, nani aliiumba?"

"Hapo ndipo penye utamu," Thuwein alisema, akasogea. "Zamani palikuwa na vurugu, maji na moto na udongo vyote vimeborogwa pamoja. Ndipo akatokea mungu mmoja akavitenga, kila kitu pahala pake. Mungu gani? Mshairi hasemi. Ni kama anatwambia: yeyote aliyekuwa."

"Yeyote! Kazi kubwa hivyo, na mwenyewe hakuweka lebo?"

"Hakuweka lebo! Dada, umesikia? Hiyo naitia kwenye mchezo, wallahi."

Mambo yakawa mazuri namna hiyo mpaka walipofika kwenye gauni la Asila.

"Mimi," Asila alisema, akasimama na kujishika kiuno, "ni mama wa watoto kumi na wanne. Nimejaa, natamba. Nawaambia wanawake wenzangu, mbona mnamfukizia ubani mungu wa kike mwenye watoto wawili tu? Nitazameni mimi! Basi yule mungu wa kike anakasirika. Anawatuma wanawe na mishale, wanawaua wangu, mmoja mmoja, mpaka yule mdogo niliyemficha ndani ya nguo yangu. Nami nageuka jiwe. Sasa fundi, nataka nigeuke jiwe pale pale, mbele ya watu, bila pazia. Utanifanyaje?"

Chaki ilisimama juu ya kitambaa.

"Alikosa nini huyo mama?"

"Alijisifu."

"Kwa watoto wake?"

"Kwa watoto wake."

Severina aliiweka chaki mezani, akaikunja tepu polepole ikawa duara dogo. "Hizo nyingine nitashona. Hilo siwezi."

Thuwein alidhani ameelewa. "Kama ni jambo la dini, bi Severina, nakufahamu. Hata mama yetu aliuliza kama si dhambi kucheza na..."

"Si dini, mwalimu."

"Basi ni nini?"

Adib, aliyekuwa akipiga pasi upande wa pili wa duka, hakujua Kiswahili cha kutosha kufuata maneno, lakini uso wa fundi wake aliujua. "Khalas," alisema kwa Kiarabu. "Mwacheni. Umm Ronnie akisema hapana, leo ni hapana. Njooni wiki ijayo, inshallah."

"Umm Ronnie?" Asila alimgeukia kwa furaha. "Kumbe una mtoto!"

Severina alifungua mdomo, akaona hajui aseme anaye au alikuwa naye. Akaufunga. Asila alitazama sakafu, akamshika mdogo wake mkono, wakatoka.

Mwaka mmoja na ushei kabla ya siku hiyo, Ronnie alipata nafasi ya chuo kikuu kusomea uhandisi wa maji, na kwa mtu wa Kitui, aliyekulia kwenye foleni ya mitungi, hakuna masomo yenye maana kuliko hayo. Severina alinunua kitenge cha buluu chenye ndege wa manjano, akawashonea sare wanawake wote wa jumuiya yake, bure. Walikuwa Wakatoliki wa Kenya na Tanzania: walinzi, wahudumu wa hoteli, wafanyakazi wa nyumbani, waliokutana kila Jumapili baada ya misa katika chumba cha juu cha ua wa kanisa. Siku ya shukrani walijaa chumba kile kama kundi la ndege. Severina alisimama katikati yao akasema, "Wenzangu mtanisamehe. Hakuna mtoto kama wangu. Hakuna!" Vigelegele vikapigwa, na aliyevipiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Lois, mwenyekiti wa jumuiya, rafiki yake tangu mwaka wao wa kwanza wa kulala chumba kimoja.

Muhula wa kwanza haukuisha. Homa ya uti wa mgongo ilimwingia Ronnie bwenini, na Severina alipopata ndege ya kumfikisha Nairobi, mwanawe alikuwa ameshalazwa mahali ambapo haulizwi mtu hali. Nyanya alimvisha suruali ya mwisho iliyotumwa kutoka Dubai. Severina aliinama, akapapasa pindo. Lilikuwa bado lina akiba ya vidole viwili.

Aliporudi Satwa, jumuiya ilimpokea kwa mapenzi ambayo hakuna anayeweza kuyalaumu. Lois alimpikia, akalala sakafuni kando ya kitanda chake, akamwoshea nguo. Na kwa mapenzi hayo hayo Lois aliwapitia wanawake mmoja mmoja akawaambia: tusimwite tena Mama Ronnie, tutamtonesha kidonda. Basi mwanamke aliyekuwa Mama Ronnie kwa miaka yote ile akawa Dada Severina. Sare za buluu nazo hazikuvaliwa tena. Watu walizificha chini ya masanduku, kama kitu kilicholeta mkosi.

Hata hayo angeyavumilia. Lililomshinda ni neno ambalo Lois alilisema jioni moja akilia, amemshika mikono yote miwili: "Pole, dada yangu. Mungu hapendi tujivunie sana vya dunia. Wakati mwingine anatunyenyekeza." Lois alilisema, akafuta machozi, akaenda kuchemsha chai. Neno likabaki. Mafundi wanaijua ncha ya sindano iliyokatikia ndani ya pindo: huioni, nguo inapigwa pasi inapendeza, na kila ukigeuka inakudunga.

Tangu hapo, kila Jumapili Lois alipofungua kikao kwa sauti yake ya juu, "Mungu ni mwema!" na wote kuitikia "Wakati wote!", Severina alisogeza midomo tu. Ndani yake alikuwa akisema jambo jingine, ambalo hakulipeleka hata kwa padri: alinisikia nikijisifu. Na sasa alikuja mwanamke kutoka Al Warqa akalisema jambo lile lile kwa sauti, dukani, akaomba lishonewe gauni.

Wiki iliyofuata Thuwein alikuja peke yake. Asila alikuwa ameuliza Satwa nzima, kuanzia saluni ya jirani, mpaka akaambiwa habari za Ronnie, na sasa aliona haya kuonekana.

"Nimekuja kuomba radhi," mwalimu alisema, amesimama mlangoni kama mwanafunzi. "Dada yangu amelia usiku kucha. Gauni lile tutaliacha. Atavaa abaya yake."

"Keti, mwalimu. Nataka kukuuliza kitu." Severina alisukuma kiti kwa mguu, mikono yake ikiwa na shuka la mkubwa wa miungu. "Huyo mshairi. Alisema kosa ni la nani?"

Thuwein akavua miwani.

"Hakusema. Hakuwa mtu wa kuhubiri. Lakini tazama alivyoipanga kazi yake. Miungu aliipa wivu, na hasira, na tamaa, mambo ya watoto wadogo waliokosa usingizi. Binadamu aliwapa machozi. Ukimaliza kusoma habari ya mama yule, yule mungu wa kike humwogopi. Unamwona mdogo. Ana mbingu nzima mkononi, na bado ameumia kwa maneno ya jirani."

"Mdogo," Severina alisema.

"Mdogo."

"Mungu wa kuua mtoto kwa sababu mama yake amefurahi."

"Ndiyo."

"Na huyo ndiye mnataka kumcheka jukwaani?"

"Ndiye huyo. Huyo na jamaa zake wote."

Nje, gari lililovuliwa viti lilisukumwa kuingia gereji na watu watatu waliokuwa wakizozana.

"Hakuogopa, huyo mshairi?"

"Miungu haikumfanya kitu. Mfalme ndiye aliyemfukuza, na sababu yake watu wanaibishania hadi leo. Alipelekwa kwenye bahari ya mbali, ya baridi, kwa watu wasiojua lugha yake. Akawa anaandika nyumbani, anaomba arudishwe. Hakurudishwa. Kafia huko huko."

Severina alitazama barabara kwa muda, watu waliokuwa wakipita na simu masikioni, kila mmoja akipaza sauti kwa lugha ya kwao ili imfikie mtu wa mbali.

"Basi hata yeye alikuwa mtu wa Satwa," alisema. Kisha: "Mwambie dada yako aje apimwe."

Alipobaki peke yake na mashuka meupe, mawazo yalimjia polepole, kama mtu anayefumua mshono bila kutaka kurarua kitambaa. Mwaka mzima alikuwa amempigia magoti huyo huyo mungu mdogo. Alimpa jina la Mungu wake, akamweka mbinguni, akamwogopa, na kila usiku akamwomba msamaha kwa sababu siku moja alifurahi. Akajiuliza jambo ambalo fundi yeyote angejiuliza. Mteja akivaa nguo yako, akatoka nayo barabarani, akasimamisha watu akawaambia hakuna nguo kama hii, je, wewe fundi utakasirika? Utamfuata na mkasi? Katika miaka yake yote ya kushona hakuwahi kumwona fundi wa namna hiyo. Hata Adib, ambaye hakuna kisichomkera, mtu akisifu kanzu yake alikuwa akitabasamu siku nzima.

Hakupata jibu la kwa nini Ronnie alikufa. Hilo halikuwa ndani ya hadithi ya mtu yeyote. Lakini jibu moja la uongo lilimtoka mkononi, na mkono wenyewe ukawa mwepesi.

Gauni la Asila alilishona kwa siku nyingi kuliko mengine yote. Nje lilikuwa la rangi ya chungwa, la mwanamke anayetamba, lenye kiuno kilichokazwa na mikono mipana. Mgongoni, chini ya shingo, alificha kitambaa kizito cha kijivu, kile kile cha kufunikia magari, alichokiomba gereji ya jirani, akakikunja kama pazia. Ukivuta kamba moja iliyojificha ndani ya mkono wa gauni, kijivu kilimwagika mbele na nyuma hadi vidoleni, na mtu akapotea. Asila alipolijaribu dukani, Adib aliweka pasi chini akasema "Ya salaam" mara mbili kwa kustaajabu.

"Na hii kamba nyingine?" Thuwein aliuliza, ameishika.

"Ya kurudisha. Ukiivuta, kijivu kinapanda tena."

"Lakini bi Severina, kwenye hadithi yule mama hafunguki. Anabaki jiwe mpaka leo, analia."

"Atatembeaje kutoka jukwaani?"

"Atabebwa na miungu. Nimeshapanga."

"Mwalimu, hadithi ni yenu. Gauni ni langu."

"Usibishane na fundi, we Thuwein," sauti ya Asila ilitoka ndani ya kijivu. "Mimi ndiye niliyemo humu, na joto lake nalijua mwenyewe."

Mchezo ulikuwa Jumamosi alasiri. Severina alikwenda Silicon Oasis kwa basi, sindano na uzi ndani ya mkoba, kwa sababu fundi hamwachi mteja wake siku ya nguo mpya. Alikaa safu ya mwisho. Mazungumzo mengi ya Kiingereza yalimpita haraka, ya Kiarabu kiasi, lakini miungu aliielewa vizuri. Ilitoka katika mashuka aliyoyashona kwa makusudi yabane, nguo za kwanza katika maisha yake zisizo na akiba hata ya uzi mmoja, na kila mungu alitembea kama mtu aliyevaa nguo za mdogo wake. Mmoja alisimama mbele akatangaza kwamba dunia imekwisha kuumbwa, akageuza kitambaa huku na huku akitafuta lebo. Watu walicheka. Severina naye akacheka, akashtuka kwa sauti yake mwenyewe, akacheka tena.

Kisha akatoka Asila, katika rangi ya chungwa, akajisifu. Alijisifu vizuri mno. Alitaja watoto wake kwa majina, akageuka upande wa ukumbi, na Severina akahisi midomo yake inatembea pamoja na ya yule, si kwa kuigiza kuitikia kama Jumapili, bali kwa neno moja alilolijua yeye: hakuna. Mishale ikapita. Asila akavuta kamba, kijivu kikashuka bila kukwama popote, na pale palipokuwa na mwanamke pakabaki jiwe.

Ndipo miungu wanne wakaja kulibeba. Mkubwa wao, mwalimu wa hesabu mwenye tumbo, aliinama kushika upande wa miguu, na shuka lake likapasuka mgongoni kwa sauti iliyofika safu ya mwisho.

Hakuna aliyetaka kucheka. Watu waliziba midomo. Thuwein alionekana kando ya pazia amejishika kichwa kwa mikono miwili. Mungu akajaribu kunyanyuka, likapasuka zaidi, akarudi kinyumenyume akijifunika kwa upinde. Ndipo jiwe likaanza kutetemeka. Mwanzo watu walidhani analia. Kisha kicheko cha Asila kikatoka ndani ya kijivu, kikubwa, cha kutupa mabega nyuma, na ukumbi mzima ukamfuata. Mkono ukatafuta kamba ya pili. Kijivu kikapanda, chungwa likaonekana, na yule mama akasimama uso umelowa machozi na kicheko pamoja, akaipita miungu iliyofumuka mishono, akatoka jukwaani kwa miguu yake.

Makofi hayakuisha upesi. Severina hakupiga. Alikuwa ameushika mkoba wake kifuani, analia, na hakujificha.

Jumapili, baada ya misa, alipanda ngazi za chumba cha juu amevaa sare ya buluu yenye ndege wa manjano. Mazungumzo yalikatika kabla hajafika kwenye kiti. Lois, aliyekuwa amekwisha kuinua mkono kuanza kikao, alibaki nao hewani.

"Dada Severina," alisema taratibu. "Karibu. Uko... uko sawa?"

"Niko sawa, Lois. Nina neno kabla hujaanza." Hakwenda mbele, alisimama pale pale mlangoni. "Mimi ni Mama Ronnie. Najua mliacha kuniita jina hilo kwa huruma. Lakini mtoto alikwenda, na jina likaenda, nikabaki sina kitu cha kushika. Naomba mnirudishie."

Akalishika pindo la sare yake.

"La pili. Mwaka ule, hapa hapa, nilijisifu. Nikasema hakuna mtoto kama wangu. Nimekaa nikidhani Mungu alinisikia akakasirika. Sasa nasema mbele yenu: ningejisifu tena. Mungu wa kukasirikia jambo hilo angekuwa mdogo sana, na mimi nimechoka kumwogopa mdogo."

Lois alikaa. Uso wake ulikuwa umebadilika, kwa sababu maneno aliyajua yalikotoka. "Nilisema mimi," alinong'ona. "Nilidhani nakusaidia."

"Najua. Umenisaidia kwa mengi mpaka nashindwa kukushukuru. Kwa hilo moja hukunisaidia."

"Haki, nilikuwa sijui niseme nini. Nikachukua tu kile watu husema."

"Ungechemsha chai, ukanyamaza. Chai yako ni nzuri."

Mtu mmoja nyuma alicheka kwa pua, akajizuia. Lois mwenyewe akacheka kidogo, akilia. Alisimama, akajipangusa kwa kiganja, akainua tena mkono kuanza kikao kwa wito wake wa kawaida.

"Leo usiite," Severina alimwambia. "Ukiita sitaitikia. Siku nitakayoweza, mtanisikia. Kusogeza midomo nimeacha."

"Basi tuombee wewe, Mama Ronnie. Vile unavyoweza."

Severina alifumba macho. Hakuwa ameomba kwa sauti tangu mazishi ya Kitui. "Mungu," alisema, "wewe uliyemshona Ronnie. Nilimsifu kwa sababu ilikuwa kazi nzuri." Akangoja kama kuna jingine. Hakukuwa na jingine. "Amina," alisema, na wakaitikia.

Katikati ya wiki, Lois alitokea duka la Adib na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na sare ya buluu, imekunjwa vibaya, inanuka sanduku.

"Hainiingii," alisema kwa aibu. "Chakula cha hoteli. Wengine pia wanataka kuzileta, lakini wamenituma mimi kwanza, waone kama utakasirika."

"Ivae niione."

Lois aliivaa juu ya nguo zake, ikakwama chini ya kwapa. Severina alipiga magoti kando yake, akaugeuza mshono ndani nje kwa kidole gumba.

"Umm Ronnie!" Adib aliita kutoka kwenye pasi. "Na hiyo nayo ni ya miungu?"

"Hii ni ya watu," alimjibu kwa Kiarabu chake cha dukani. "Ina akiba."

Akachukua wembe, akaanza kufumua uzi mmoja baada ya mwingine. Kitambaa kikafunguka vidole vitatu kila upande, na pale kilipokuwa kimejificha ndani ya mshono buluu ilikuwa bado kali, mpya kabisa, pamoja na bawa la ndege mmoja wa manjano ambalo jua halijawahi kuliona.

"Inua mkono," Severina alisema. "Sasa cheka kidogo, nione kama inabana."